Sura ya Saba: Magimbi ya Njia ya Mikese

Ndege iligusa nyasi, ikaruka kidogo, ikagusa tena, na mama mmoja aliyeketi nyuma akaliita jina la Bikira Maria kwa sauti. Theresia hakuita mtu. Alikuwa ameushika mkono wa Lukasi tangu mawingu yalipoanza kuitikisa ndege, na mkono ule ulikuwa umelowa jasho.

"Tumefika Dar?" aliuliza.

Lukasi alichungulia dirishani. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Hii si Dar," alisema. "Hii ni Morogoro."

Rubani alitoka kwenye chumba chake akawaeleza abiria wake, ambao hawakufika hata kumi, kwamba Dar es Salaam imefungwa na mvua, ndege hazipokelewi, na mafuta aliyonayo hayatoshi kuzungukazunguka angani. Wangesubiri hapo mpaka mawingu yafunguke. Huenda ikawa mchana, huenda ikawa jioni.

"Nyosheni miguu, lakini msiende mbali," alimalizia.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa nyasi nje ya mji, karibu na barabara kuu iendayo Mikese na Dar. Palikuwa na kibanda cha mabati, benchi moja, na mlinzi ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza mbuzi. Milima ya Uluguru ilisimama mbele yao, bluu chini na nyeupe juu kwa ukungu. Theresia aliitazama kama mtu anayetazama picha ya babu yake. Yeye ni Mluguru, lakini alizaliwa Dar, na milima hiyo aliijua kwa kusimuliwa tu.

"Matombo kwenu iko upande gani?" alimuuliza mchumba wake.

"Nyuma huko."

"Siku moja utanipeleka. Nataka nikapalilie kaburi la mama yako."

Lukasi aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Walikuwa wametoka Mwanza asubuhi. Theresia alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya pamba, Lukasi alikuwa mpima ardhi, na Jumamosi ya wiki ile walikuwa wafunge ndoa Dar, parokiani kwa Mjomba Leonard. Mjomba huyo ndiye aliyemlea Theresia baada ya mama yake kufariki. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama akisema hapana, hakuna ndoa. Mjomba Leonard alikwisha sema hapana kwa wanaume wawili. Kwa Lukasi aliuliza swali moja tu: mama yake ni nani? Alipoambiwa kwamba mama huyo alikufa kwa homa Lukasi akiwa bado shuleni, na ndugu waliobaki milimani wakathibitisha, alimhurumia kijana wa watu akakubali.

Njaa ndiyo iliyowatoa kwenye benchi. Tangu alfajiri walikuwa wamekunywa chai ya rangi tupu. Ulikuwa ule mwaka mbaya wa sabini na tano, watu wakipanga foleni kugombea unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na mvua zilizokataa kuja msimu mzima sasa zilikuja zote kwa pamoja.

"Mjini msijisumbue," mlinzi aliwaambia. "Hotelini wanapika yanga na maharage, na saa hizi sufuria zimekwisha oshwa."

Dereva mmoja wa lori, mtu mnene aliyejiita Mosi, alikuwa amesimamisha gari lake kando ya barabara ili aishangae ndege. Aliwasikia.

"Mnataka kula?" aliuliza. "Hapo mbele, kwa miguu tu, kuna bibi anapika magimbi ya nazi na kambare mkavu. Mimi nimezunguka nchi hii nzima, sijala chakula kama kile. Ila niwaambie mapema, maana baadaye mtanitukana. Bibi yule aliugua ukoma. Amepona siku nyingi, ana cheti cha hospitali. Lakini mikono yake ndiyo hivyo, na wenye kinyaa hawaingii."

Abiria wengine walirudi nyuma kama walioona nyoka. Lukasi naye alisema haraka, "Hatuendi."

"Amesema amepona," alisema Theresia.

"Nimesema hatuendi."

Theresia alimgeukia. Hakuwahi kumsikia akisema naye kwa sauti ile. Lukasi akalainika, akamtazama kwa namna ya ajabu, kama mtu anayepima kina cha maji kwa macho.

"Kweli ungeweza kula kwa mtu kama huyo, Theresia?"

"Sikufichi, naogopa. Lakini njaa inaniuma kuliko huo woga. Twende. Tukishindwa kula tutarudi."

Lukasi aliangalia milima, akaangalia barabara. Mwishowe akafuata.

Nyumba ilikuwa ya udongo na nyasi, ya mwisho katika kijiji kidogo cha watu waliopona ugonjwa ule. Kabla hawajafika mlangoni harufu iliwapokea: nazi iliyochemka pole pole, moshi wa samaki, na mdalasini. Mate yalimjaa Theresia kinywani. Ndani, mwanamke mwembamba alikuwa ameinama kwenye mafiga. Alikoroga kwa mwiko aliokuwa ameufunga kwenye kiganja kwa kitambaa, kwa sababu vidole vya kuushikia vilikuwa vimebaki vifupi.

"Mama Veronika!" Mosi aliita. "Nimekuletea wageni wa ndege!"

"Karibuni, wanangu, kari—"

Alikuwa amegeuka. Sauti ilimkatikia njiani. Macho yake hayakuwa kwa Theresia wala kwa Mosi.

"Shikamoo, mama," alisema Theresia.

"Marahaba, binti." Alirudi kwenye chungu chake upesi, akakikoroga kwa muda mrefu, ingawa kilikuwa kimeiva. "Kaeni mkekani. Kaeni tu. Moshi huu unaumiza macho."

Lukasi alikuwa bado mlangoni, bega moja ndani, bega moja nje.

"Mimi sina njaa," alisema.

"Kaa, bwana," Mosi akacheka, "hufi!"

Akakaa. Sahani za bati zikaja. Magimbi yalikuwa yameiva mpaka yakalegea, yamechanganywa na ndizi mbichi, nazi imeganda juu yake kama malai ya maziwa, na kambare amevunjwavunjwa ndani. Theresia alifumba macho akatia tonge la kwanza. Alitegemea tumbo likatae. Badala yake kitu kilifunguka kifuani. Mama yake alikuwa akiwapikia hivi Dar, magimbi yakipatikana, na tangu mama afe hakuna aliyewahi kumpikia tena. Alikula akasahau adabu, akasahau woga, akasahau vidole vilivyokata magimbi yale.

"Mama, umetia nini humu?"

"Sina kitu, binti. Pilipili manga kidogo, na mdalasini wa Mkuyuni. Na moto mdogo. Watu wanakosea moto."

Alimpelekea Lukasi sahani yake mwisho. Pilipili mbichi iliyokuwa kwenye sahani zote, kwenye yake haikuwepo.

"Wewe nimekuondolea pilipili," alisema, akimtazama magotini.

Theresia aliinua kichwa. Ni kweli, Lukasi alikuwa hali pilipili mbichi. Midomo ilikuwa ikimvimba. Jambo hilo Theresia mwenyewe alilijua baada ya miezi mingi ya uchumba.

"Umejuaje, mama?"

"Nimekisia tu. Wako watu wana sura ya kutopenda pilipili."

Mosi alicheka. Lukasi hakucheka. Yeye aliyesema hana njaa alikuwa anakula kwa vidole vyote vitano, bila kuinua uso, akifuta sahani, akilamba kiganja kama mtoto, na machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye nazi. Yule mama alisimama karibu naye, ameegemea nguzo. Mwanga wa mlangoni uliwapiga wote wawili kwa pamoja, na Theresia akaona. Paji lile lile la uso. Nyusi zile zile zilizokutana katikati. Hata namna ya kuuma mdomo wa chini.

Tonge likamganda mkononi.

"Lukasi," alisema taratibu, "huyu ni nani?"

Mosi aliacha kutafuna.

"Simjui," alisema Lukasi.

"Lukasi!"

"Nimekwambia simjui!"

"Ni kweli, binti," yule mama alidakia, mpole kabisa. "Hatujuani. Mimi watu wengi wanapita hapa."

Lukasi alisimama akatoka bila kunawa. Mosi alikuwa mtu mzima; alitafuta sababu ya kwenda kuangalia tairi zake. Wanawake wawili wakabaki na moto.

"Mama," Theresia alisema, "yule ni mwanao."

"Mimi sina mtoto."

"Nakuomba usinifanye mjinga. Jumamosi naolewa naye."

Mama Veronika aliketi chini kwa ghafla, kama mtu aliyekatwa miguu. Alimtazama Theresia kuanzia kichwani mpaka viatuni, kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa gumu kulitazama.

"Wewe ndiye," alisema. "Mungu ni mkubwa. Basi nimemwona mkwe wangu, na amekula chakula changu akamaliza."

"Aliniambia umekufa."

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Usimkasirikie. Alikuwa na mchumba wa Mkuyuni, binti mzuri. Wajomba wake walikuja mpaka mlangoni kwangu, wakaiona mikono hii, wakarudi bila kunywa hata maji. Wa pili, wajomba wake hawakufika hata mlangoni. Nikaona mwanangu atazeeka peke yake kwa ajili yangu. Nikamwita nikamwambia, nenda mbali, na ukiulizwa, mama yako alikufa. Alilia. Alikataa. Nikamwambia akikataa nitakwenda kujitupa mtoni. Ndipo akakubali. Ndugu zangu nao wakakubali, aibu ilikuwa yao pia. Baadaye nikashuka kutoka milimani nikaja hapa, kwa wenzangu, naye nikampelekea habari."

"Kwa hiyo si kosa lake."

"Si kosa lake hata kidogo."

Theresia alivuta pumzi. Alitaka sana iwe hivyo.

"Huwa anakuja kukuona?"

Yule mama alichezea ukingo wa kanga yake kwa kiganja.

"Hajaja tangu aondoke. Nilimwambia asije." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini nilidhani atakuja."

Mvua ilianza kunyunyiza nje. Theresia alipiga magoti mkekani akaichukua mikono yote miwili ya yule mama. Ilikuwa migumu na ya moto kwa sababu ya jiko. Hakuionea kinyaa tena. Alishangaa tu ilivyokuwa miepesi.

"Mjomba wangu nitamwambia. Ni mtu mkali, lakini ana moyo."

"Usithubutu!" Mikono ilichomoka. "Mjomba wako ni Mluguru kama wale wengine. Akijua, ndoa hakuna. Nilikufa ili mwanangu aoe, binti. Nimekwisha zoea. Sasa wewe, kwa huruma yako, unataka kunitoa kaburini na kumzika yeye? Usinifufue. Niahidi."

"Mama..."

"Niahidi, kwa jina la mama yako."

Theresia aliahidi. Alilia wakati akiahidi, na yule mama akamfuta machozi kwa mgongo wa kiganja, akamuuliza kwa hamu kama jirani anayetaka habari, "Bado anaongea usingizini?"

"Sijui, mama. Hatujaishi pamoja."

"Utajua," alisema. "Anaongea sana."

Theresia alimkuta Lukasi barabarani, mvua inamnyeshea, shati limegandamana na mwili. Alimpenda hata wakati ule. Ndiyo maana aliongea taratibu.

"Ameniambia yote. Sikulaumu. Rudi ukamuage."

"Siwezi."

"Ndani hakuna mtu mwingine. Nimeahidi sitasema kwa mjomba, na sitasema. Harusi itakuwa kama tulivyopanga. Nakuomba jambo moja tu. Mwite mama. Mara moja, nikiwa nasikia, halafu tuondoke."

"Yule dereva anakwenda Dar kila wiki, Theresia. Neno moja likimtoka, limefika."

"Mosi amekwisha kuona ukilia kwenye sahani. Unaficha nini?"

Lukasi alimgeukia, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeumia.

"Wewe ni rahisi kwako! Umekula hujui ni mama yangu. Umeonekana mwema, basi. Hebu niambie ukweli. Ningekwambia kule Mwanza, siku ya kwanza, mama yangu ni mkoma, ungekubali nikushike mkono?"

Theresia alifungua mdomo. Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi. Lakini alikwisha choka kusikia uongo siku ile.

"Sijui," alisema.

"Unaona."

"Sijui kuhusu siku ile. Leo najua. Leo nimemjua, nimemshika mikono, na bado niko hapa nakusubiri. Wewe je, Lukasi? Miaka yote hii. Hata siku moja ya kupita gizani, ukagonga, ukasema ni mimi?"

"Alinikataza."

"Alikukataza kwa mdomo. Moyoni alikuwa anakusubiri."

Lukasi aliufunika uso kwa viganja. Kwa kitambo Theresia aliamini kwamba amemshinda, kwamba sasa atageuka, atakimbia kwenye matope kurudi hadi mlango wa nyumba ile ya mwisho. Alimshika kiwiko amsaidie kugeuka. Ndipo mlinzi alipopiga kelele kutoka uwanjani kwamba rubani anaita watu, Dar imefunguka.

"Tutachelewa," alisema Lukasi, na akaanza kutembea.

Walikaa viti vile vile. Ndege ilipokimbia kwenye nyasi, Theresia alimwona Mama Veronika. Alikuwa ameacha moto wake, amesimama kando ya barabara bila mwavuli, kanga imemlowa kichwani. Hakupunga mkono. Mikono alikuwa ameificha ndani ya kanga.

"Yuko pale," Theresia alisema.

Lukasi alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, amefumba macho. Kope zake zilikuwa zinatetemeka. Hakuyafumbua mpaka milima ilipopotea.

Mjomba Leonard aliwangoja Dar tangu mchana, ndani ya koti lake la kanisani, mwavuli mkononi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya madimbwi ya uwanjani. Alimkumbatia mpwa wake, akamkumbatia Lukasi kwa nguvu zaidi, akampigapiga mgongoni.

"Shikamoo, mjomba," walisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu, marahaba! Niliogopa, jamani, mvua hii! Mmekula? Nyumbani wamewawekea wali, usiulize nimeupata wapi." Alikuwa na furaha ya mtu anayekaribia kutua mzigo alioubeba muda mrefu. "Lukasi, kabla sijasahau. Nimeongea na padri. Jumamosi, katika misa yenu, atawaombea marehemu wa pande zote mbili, kwa majina. Upande wetu nimempa jina la dada yangu. Nipe la ubatizo la mama yako, nilipeleke leo hii. Hakujaliwa kuiona harusi ya mwanawe, masikini. Aitwe na yeye."

Theresia alimtazama Lukasi. Hakuna aliyekuwa amemwomba amfufue mama yake. Angeweza kusema ataleta mwenyewe kesho. Angeweza kusema mama hakupenda kutajwa. Angeweza hata kunyamaza, na mjomba angedhani ni majonzi. Njia zilikuwa nyingi. Alimwomba kwa macho ashike yoyote.

Lukasi alihamisha macho, akamtazama mjomba.

"Veronika," alisema.

"Marehemu Veronika," Mjomba Leonard alirudia kwa heshima, akavua kofia. "Mungu amlaze mahali pema."

"Amina," Lukasi akaitikia.

Ladha ya nazi ilikuwa bado mdomoni mwa Theresia. Aliona mikono ile kwenye moto, mizima, hai, ikikoroga. Alijua, kama mtu anavyojua kwamba amekatwa kabla damu haijatoka, kwamba hawezi kulala kitanda kimoja na amina ile.

"Mjomba," alisema, "harusi haipo."

"Unasema?"

"Simtaki tena. Nisamehe. Harusi haipo."

Mjomba alicheka kwanza, akidhani ni uchovu wa safari. Kisha akaona uso wake. "Amekufanya nini? Lukasi, umemfanya nini? Sema, Theresia! Amekupiga? Ana mke mwingine?"

"Hajanifanya kitu."

"Sasa?"

Alikwisha ahidi, kwa jina la mama yake. "Nimebadili mawazo tu, mjomba."

"Umebadili mawazo!" Watu waliokuwa wakipokea mizigo waligeuka. "Ukoo mzima umeitwa, padri ametangaza, mtoto wa watu yatima amekuja na moyo wake mweupe, na wewe umebadili mawazo, kama mtu anayechagua kitambaa dukani? Dada yangu hakuzaa mtu wa namna hii. Kwangu usije. Unasikia? Usikanyage kwangu!"

Theresia aliinamisha kichwa akayapokea. Mjomba alikuwa ameushika mwavuli kama fimbo, na machozi ya hasira yalikuwa yakimtoka mzee wa watu ambaye hakujua chochote. Theresia alisubiri. Kila neno lilipomwangukia alisubiri sauti ya pili, ya pembeni yake, iseme, mjomba, mwache, kosa si lake.

Mjomba alichoka, akageuka kwenda kutafuta gari, akimwita Lukasi amfuate, yeye hana kosa, angalau ale usiku ule. Lukasi aliokota begi lake. Alipopita karibu na Theresia alisimama kidogo, akainama kama mtu anayetaka kumbusu, na akasema kwa chini, mjomba asisikie:

"Asante, Theresia."

Alilisema kwa moyo wake wote. Hapo ndipo Theresia, aliyekuwa amejikaza tangu Morogoro, alipokaa juu ya sanduku lake katikati ya uwanja na kulia kama watu wanavyolia msibani.